Darubini Juu ya Bunduki ya Justus

14 Agosti

Leo Justus amenikabidhi bunduki yake. Hakukuwa na sherehe. Aliipapasa ukutani mpaka akaipata, akaifuta kwa mkono wa sweta, akaniwekea mapajani nikiwa nakunywa chai.

"Chukua, mkwe," akasema. "Macho yangu yamefika mwisho wa barabara. Nikiendelea nayo nitampiga mchungaji nikidhani ni dubu."

"Mchungaji mwenyewe ana manyoya," mke wangu Poldine akamjibu baba yake kutoka jikoni.

Nimekaa Totsena miaka kumi na moja, tangu nilipomwoa Poldine na kuyaacha mashamba ya mahindi ya kwetu kusini. Miaka yote hiyo baba mkwe hajawahi kuniachia kitu kizito kuliko kasia. Nilijifanya naitazama chai, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kulia.

Kuna kazi moja kwanza. Darubini iliyo juu ya bunduki imekufa baada ya miaka thelathini na moja. Maji yameingia ndani, ukichungulia unaona maziwa. Justus anataka mpya, na amesema niichague mimi.

"Hii ni bunduki ya kuponea," alisema. "Ndege ya chakula isipokuja, mashine ya boti ikikufia siku tatu kutoka nyumbani, hii ndiyo inayokurudisha. Usiniletee pambo. Nataka darubini itakayomzika mwenye kuinunua."

Poldine amenipa daftari hili kutoka stoo ya shule anakofundisha. Nitaandika humu mambo ya darubini, na hali ya hewa.

16 Agosti

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Zimebaki mbili.

Ya kwanza ni fupi na nene kama mguu wa meza. Inakuza mara nne tu, basi, haipandi wala haishuki. Haina betri. Wanaoisifu ni wazee watupu, na wanaisifu kwa maneno machache.

Ya pili inakuza kuanzia mara tatu hadi mara kumi na nane. Msalaba wa kulengea una taa nyekundu katikati. Glasi yake, wanasema, inaona hata pale jicho lilipokata tamaa.

Ningekuwa mtu wa akili ningeishia kwenye ile ya kwanza. Lakini nimemkumbuka Cosmos, binamu yake Poldine, anavyoniita "mkulima" mbele za watu, nikaagiza ya pili.

17 Agosti

"Umeagiza ipi?" Justus ameuliza.

"Ile imara."

"Ina betri?"

"Betri ni ya taa tu, Mzee. Ikifa, msalaba unabaki."

"Mhh," akasema, akaendelea na mapichi yake ya kopo.

24 Agosti

Imekuja na ndege ya barua. Tumeizamisha kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu kama Justus alivyotaka, tukangoja mapovu. Hakuna hata moja. Nilifurahi kama mimi ndiye niliyeitengeneza.

Kisha akaishika. Vidole vyake vilitembea juu yake polepole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ndefu," akasema. "Ina vitu vinne vinavyozunguka. Ile yangu ya kwanza ilikuwa na viwili, na vyote nilivifunga kwa utepe."

Cosmos alipita jioni kuazima mafuta. Aliitazama, akaitazama tena. "Loren, hii ni darubini au chungu cha supu?"

"Cheka tu. Utakuja kuiomba."

"Nitakuja na kijiko."

29 Agosti

Leo nimeipima bunduki kwenye karatasi, kule shimo la kokoto. Lazima nieleze jambo hili kwa sababu ndilo linaloniuma hata sasa ninapoandika, ingawa ni dogo.

Hapa kila mlio wa risasi husikika nyumba zote arobaini, na kila nyumba huhesabu. Wana msemo wao: moja ni nyama, mbili labda, tatu ni njaa. Mtu akipiga kumi kwenye shimo la kokoto, kesho yake dukani anaulizwa kama vita imekwisha. Kwa hiyo watu hupiga tatu tu, wakirekebisha, na wenye aibu zaidi hupiga mbili.

Nilipiga tatu. Justus alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma yangu, ameziba masikio.

"Zimeingia wapi?"

Nilikwenda kuangalia karatasi. Mbili zilikuwa pamoja, kidogo juu ya katikati, mahali pazuri. Ya tatu ilikuwa kushoto, upana wa kiganja. Sikujua kama kosa ni langu au ni pete zinazoishika darubini. Kujua kungehitaji risasi nyingine tatu au nne, na Cosmos alikuwa anapakua mzigo pale ufukweni.

"Zote tatu," nikasema. "Unaweza kuzifunika kwa kikombe cha chai."

Justus alitabasamu. Nilimwongopea kipofu kuhusu karatasi aliyoweza kuigusa tu. Niliikunja nikaitia mfukoni.

30 Agosti

Mvua.

3 Septemba

Msimu umefunguliwa juzi. Nyumba tisa tayari zina boti mtoni. Sisi tunahitaji musi mmoja tu, yule paa mkubwa wa kaskazini mwenye pembe pana. Mnyama huyo akiwa dume mzima analisha nyumba yetu na ya Justus mpaka barafu ivunjike, na mwaka huu sehemu kubwa itakwenda kwenye karamu ya kumbukumbu ya Madeline, marehemu mama mkwe, mwezi Novemba. Justus ndiye atakayekata nyama na kuigawa. Mume ndiye hushika kisu. Amekuwa akilisema jambo hilo tangu msimu wa samaki.

Leo, wakati wa kupakia, bunduki iliteleza kwenye benchi ikaanguka darubini ikiwa chini, chuma juu ya bati la boti. Mlio wake ulikuwa mbaya. Niliiokota, nikachungulia. Glasi safi, taa inawaka. Imara kweli, nikajiambia.

Nilipaswa kurudi kwenye shimo la kokoto, maana hata mtoto wa hapa anajua. Lakini watu wangesikia na kuuliza kwa nini mkulima anapima tena bunduki aliyoipima wiki iliyopita, ningelazimika kusema niliiangusha, na kicheko kingenifuata mpaka Krismasi. Nimeifunga vizuri kwenye turubai.

6 Septemba

Nimekaa na kalamu hii muda mrefu. Nitaandika mara moja tu.

Tuliondoka asubuhi, mimi na Justus, tukapanda mto mpaka kijito cha tatu. Anakwenda nami kwa sababu ndiye anayejua kuita. Haoni, lakini akisikia maji yanavyopiga ukingo anakwambia uko wapi. Tulizima mashine chini ya mierebi. Akatoa mfupa wake wa bega, mfupa wa musi wa zamani uliokauka mpaka ukawa mweupe, akaanza kuukwaruza kwenye vichaka. Dume akisikia hivyo anadhani dume mwenzake anasugua pembe zake mahali pake.

Nusu saa. Mimi nilikuwa natazama kilima cha mbali kwa darubini, nimeizungusha mpaka kumi na nane, nafurahia. Niliweza kuhesabu matawi. Kisha Justus akaacha kukwaruza, akainua kidole.

Dume alitoka mierebini upande wetu, hatua sitini, labda chini ya hapo. Mkubwa kama gari, pembe zinang'aa maji. Nikaweka jicho kwenye darubini, sikuona musi. Niliona manyoya. Duara zima limejaa manyoya ya kahawia, sijui kama ni bega, shingo au mgongo. Nikajaribu kuizungusha irudi chini, glavu zilikuwa zimelowa, pete ya kukuzia ikagoma. Yeye akaanza kugeuka. Nikatafuta ukingo wa mwili wake, nikapata manyoya tena.

Nikafyatua.

Masikio yangu yakajaa kengele. Nilipoinua kichwa, mierebi ilikuwa inatikisika na mnyama hayupo.

"Umepiga?" Justus akauliza. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, sikio juu.

"Nimekosa."

"Umekosa."

"Imepita juu."

Mvua ikaanza. Kisha akasema kwa upole, "Nenda ukaangalie."

Nikaenda. Palikuwa na manyoya yaliyokatwa, na kwenye jani moja la mwerebi tone la damu nyeusi, na ndani ya damu chembe za majani yaliyotafunwa. Nilijua maana yake. Nimempiga tumboni. Mnyama wa namna hiyo hakimbizwi. Unakaa, unangoja saa nne au tano alale, halafu unamfuata taratibu kinamasini, hata kama utamaliza siku mbili. Ndiyo desturi hapa, na ndiyo sheria ya nchi.

Ingekuwa ni kulala mvuani na mzee wa miaka sabini na nane. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba ningelazimika kurudi botini na kusema: darubini yangu, glavu zangu, tumbo.

Nililisugua lile jani kwenye suruali yangu. Kisha nikarudi.

"Hakuna kitu."

"Hakuna hata unyoya?"

"Hakuna."

"Haya," akasema Justus, akaufunga mfupa wake kwenye kitambaa. "Twende nyumbani."

7 Septemba

Mvua. Justus alikaa barazani asubuhi nzima. Nilipompelekea kahawa aliuliza, "Kunguru wako upande gani?"

Nikamwambia wako jalalani kama kawaida.

8 Septemba

Mvua. Kunguru wako upande gani, ameuliza. Nikajibu, jalalani.

9 Septemba

Ameuliza tena. Poldine anasema labda akili inaanza kumtoka. Nilikubali haraka kuliko ilivyostahili.

Nimezikaza skrubu za pete. Mbili zilikuwa zimelegea, zinageuka kwa kidole.

12 Septemba

Cosmos amepata dume. Risasi moja, sote tulihesabu. Jioni alituletea paja zima begani mwake, akalitua mezani.

"La Mzee," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe utaonja, mkulima. Chungu chako cha supu kiko wapi tukipikie?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Nyama ilikuwa tamu. Nilikula vipande viwili na kukimeza kila kimoja kama dawa.

Siku zote nimemwona Cosmos kuwa mtu wa maringo. Leo nimegundua kwamba katika miaka kumi na moja hajawahi kula kwake kabla ya kuleta kwa Justus.

13 hadi 18 Septemba

Tumetoka mara tatu, mimi na Justus. Hakuna. Kila asubuhi swali la kunguru. Tarehe kumi na saba nilimjibu, "Wamekwenda juu ya mto, Mzee, kundi zima." Sijui kwa nini nilisema kweli. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu, wanazunguka juu ya kijito cha tatu.

"Ahaa," akasema. Hakuuliza tena tangu siku hiyo.

19 Septemba

Cosmos amemkuta.

Alifuata kunguru. Mnyama alikuwa amelala kinamasini, mwendo wa dakika kumi tu kutoka ukingoni. Dakika kumi. Dubu alikuwa ameshamla upande mmoja, na upande mwingine ulikuwa umeoza mpaka mbwa wa Cosmos alikataa kushuka botini. Amekuja na pembe, na risasi.

Risasi ni ya shaba tupu, imechanua kama ua. Watu wote hapa wanatumia zile za madini laini ya risasi zinazouzwa dukani. Mtu mmoja tu aliagiza za shaba, mwezi wa nane, pamoja na darubini.

20 Septemba

Leo tuliitwa ukumbini. Shangazi Effie, dada yake Justus, ndiye mwenye ukumbi; yeye ndiye anayepiga kengele na yeye ndiye anayepika. Aliiweka ile risasi juu ya meza ya karata, akaisukuma katikati.

"Sitaki hotuba," akasema. "Nyama ya nyumba mbili imeoza. Ni ya nani?"

Niliona viatu vya watu. Niliona mkono wa Poldine kwenye goti lake. Ulimi wangu ulikuwepo na maneno yalikuwepo, nikawa nayapanga yakae vizuri.

"Ni yangu," akasema Justus.

Watu wakageuka.

"Nilimlazimisha mkwe anipe bunduki," akaendelea. "Nilisikia mnyama, nikajiona kijana. Nikapiga kwa kufuata sauti. Mtoto wa watu akaona haya kunikatalia."

Hakuna aliyecheka. Effie alimtazama kaka yake kwa muda, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Huo ndio uliokuwa wakati wangu, mlango uko wazi kabisa. Nikakohoa.

"Basi unaijua desturi," Effie akamwambia Justus. "Aliyeozesha nyama hashiki kisu mwaka mzima. Hata kwenye karamu ya Madeline."

"Naijua," akasema Justus. "Baba yetu ndiye aliyenifundisha."

Nilimshika mkono kumwongoza nyumbani. Njia nzima alizungumzia mapichi ya kopo, kwamba siku hizi wanatia sukari kidogo.

21 Septemba

Jana sikuandika yote. Nilipofungua mdomo jikoni kumwambia Poldine, alisema, "Maskini Baba, kukosa kisu kwa ajili ya Mama." Nikaufunga.

25 Septemba

Msimu umefungwa. Hatukupata kitu.

9 Oktoba

Barafu nyembamba pembezoni mwa mto. Justus amelitoa boksi lake la visu, amekinoa kile kirefu chenye mpini wa mfupa, kwa mazoea ya vidole. Alipomaliza alikivingirisha kwenye taulo.

"Mpelekee Cosmos," akaniambia. "Mwambie asikioshe kwa maji ya moto, mpini utapasuka."

Nilikipeleka. Cosmos alikipokea kwa mikono miwili na hakunitania. Ningetoa kila nilicho nacho anitanie.

18 Oktoba

Mto umeganda. Siku nzima kimya.

Darubini iko kwenye rafu, haina hata mkwaruzo. Nilitaka itakayodumu, na kweli itadumu. Itakuwa pale nikiwa mzee, safi, inaniangalia.

2 Novemba

Poldine ameniuliza leo tukikunja nguo. Hakuuliza kwa hasira.

"Loren, siku ile uliporudi kutoka juu ya mto, suruali yako ilikuwa na damu pajani. Niliifua mimi mwenyewe. Ulisema ni ya samaki."

"Ndiyo."

"Hamkuvua samaki siku ile."

Alikunja shuka, akalilinganisha pembe kwa pembe.

"Sitakusemea," akasema. "Lakini wiki ijayo watu wanamkumbuka mama yangu, na baba yangu atakaa kwenye kiti kama mgeni. Ulimwacha akubebee aibu yako, na bado yuko nayo mgongoni."

Nililala sebuleni. Si yeye aliyenifukuza.

8 Novemba

Karamu ni kesho kutwa. Nimefika mpaka mlango wa ukumbi, nikarudi. Nimewahi kudhani kuwa mwoga ni mtu anayekimbia. Kumbe unaweza kuwa mwoga umekaa kitako, unakunywa chai.

9 Novemba

Nimesema.

Nilikwenda mchana, wakati wanawake wanaandaa jikoni mle ukumbini. Effie alikuwa na ndoo ya viazi katikati ya miguu. Cosmos anapasua kuni mlangoni. Vyungu vitano vinachemka.

"Shangazi," nikasema, "yule musi nilimpiga mimi."

"Sema kwa nguvu. Vyungu vinapiga kelele."

"Musi wa kijito cha tatu. Nilimpiga mimi. Justus hakugusa bunduki."

Shoka la Cosmos likanyamaza. Effie hakuacha kumenya.

"Endelea."

Nikaendelea. Nilisema darubini iliangukia boti nikaogopa kuipima kwa sababu wangenihesabia. Nilisema jani. Kwenye jani sauti ilikatika na nikalazimika kuanza upya, na hakuna aliyenisaidia, na sasa naona walifanya vizuri kutonisaidia. Nilisema nimempigia simu askari wa wanyamapori kule mjini, na kwamba atakuja hali ya hewa ikiruhusu kuandika kosa langu.

"Umemaliza?" Effie akauliza.

"Ndiyo."

"Tumejua tangu Septemba. Kaka yangu hakioni kikombe chake mwenyewe, musi angempigaje? Alisema neno lake mbele ya watu, tukaliheshimu." Akakata kiazi vipande viwili, akavitupa ndooni. "Wewe tulikuachia nafasi, ukakaa nayo wiki saba."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi kisu ni haramu kwako mpaka mwaka ugeuke. Na kesho utaosha vyungu. Vyote. Peke yako."

Cosmos aliingia na kuni, akazitua, akasimama karibu yangu mpaka bega lake likagusa langu.

"Vyungu vya supu hasa," akasema taratibu. "Hivyo unavijua."

10 Novemba

Nimeosha vyungu kumi na tisa. Mikono imepasuka.

Kutoka kwenye sinki, kupitia dirisha dogo, nilimwona Effie akimwekea Justus kile kisu mkononi. Alikaa nacho bila kukata. Kisha akapima nyama kwa vidole, akakata kipande cha kwanza, akakiinua, akaita jina la mwanamke aliyemwosha Madeline siku aliyofariki. Hakukosea hata jina moja mpaka sinia ikaisha. Poldine alikuja jikoni kuchukua maji, akaniona nikilia juu ya masufuria, akanipa taulo kavu akaondoka.

12 Novemba

Nimemwuliza Justus. Sikuweza tena kutomwuliza.

"Mzee, ulijua lini?"

"Pale pale." Alikuwa anatafuta kijiko mezani, nikamsogezea. "Risasi ikigonga mti inalia. Ikipita hewani inaondoka na sauti yake. Ikiingia nyamani inanyamaza. Ile ilinyamaza."

"Mbona hukusema?"

Alikula mapichi kidogo kwanza.

"Nilikuambia nenda ukaangalie, nikijua. Uliporudi ukasema hakuna, nilitaka kusema rudi tena. Lakini miguu yangu ilikuwa baridi, mkwe. Nilitaka nyumbani, nilitaka jiko. Nikasema haya." Akafuta kidevu. "Pale ukumbini sikudanganya sana. Tulikuwa wawili mle botini. Nusu ya ile nyama niliiozesha mimi."

Miezi miwili nimekuwa nikimwonea huruma kama mtu aliyedanganywa. Sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba naye alikuwa hapati usingizi.

20 Novemba

Askari alikuja na ndege, akaandika, akachukua pembe. Adhabu nitaijua baadaye. Hakunikaripia. Darubini ile kubwa ameinunua rubani wake, anaitaka kutazamia nyota. Nimemwambia iliwahi kuanguka. Nimemwambia mara mbili.

Ile fupi nene imekuja na ndege hiyo hiyo. Nimeizamisha kwenye ndoo, hakuna povu. Nimeilaza nje usiku kucha na asubuhi haikuwa na ukungu ndani. Pete nimezifunga kwa skrubu mpya na gundi, Justus ameshika bisibisi, akazungusha vitu viwili vyote kwa kidole, akavizungushia utepe.

26 Novemba

Baridi ya kukata masikio. Jua limekaa saa nne tu juu ya misonobari.

Tulikwenda shimo la kokoto mchana, kila moshi wa kijiji umesimama wima, hakuna upepo wa kuficha mlio wowote. Justus kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, masikio ameyaziba.

Nilipiga tatu. Niliwajua wanaohesabu: Effie jikoni, Cosmos kwenye banda lake, Poldine darasani.

"Zimeingia wapi?" Justus akauliza.

Nilikwenda mpaka kwenye karatasi, nikarudi nayo. Nikamshika kidole nikakipitisha juu ya matundu, moja moja.

"Moja iko katikati," nikasema. "Mbili ziko kushoto, upana wa kiganja. Ni mimi, Mzee, si darubini. Nakishtua kifyatulio."

Kidole chake kilirudi kwenye matundu mawili ya kushoto, kikakaa hapo.

"Watahesabu," akasema.

"Waache wahesabu."

Akaziba masikio tena. "Haya. Anza."

Nilipiga kumi na saba.